Fundi wa Newcastle na Picha za Chini ya Ukurasa

Safu hii aghalabu huzungumzia mambo ya bandari, ya shule na ya bei za vyakula. Leo tunawaomba wasomaji wetu watuwie radhi tukivuka bahari hadi kaskazini ya Uingereza, kwenda kumzungumzia fundi mmoja aliyefariki dunia mwaka 1828, ambaye sehemu kubwa ya umri wake ilipita katika kuchonga picha juu ya vipande vya mbao ambavyo vingi vyao havikuzidi kiganja cha mkono.

Sababu ya kumchagua yeye ni hii. Yeyote aliyepata kufunua vitabu vya zamani vya wasafiri wa Kizungu waliopita Unguja na pwani yetu katika karne ya 19 ataikumbuka michoro ile myeusi na myeupe: majahazi, misafara, watumwa wenye minyororo shingoni. Michoro ile ilichongwa juu ya mbao huko Ulaya, na wengi wa mafundi walioichonga hawakupata kuuona hata mnazi mmoja. Walipewa karatasi ya msafiri, wakakaa mezani, wakaikamilisha kwa kudhani. Basi ni jambo la kustahili kuzingatiwa kwamba fundi aliyeupandisha cheo ufundi huo, Thomas Bewick, aliishi kwa kanuni iliyo kinyume kabisa cha hiyo. Yeye alitaka kuchonga kile tu kilichoonwa na jicho lake, na pale alipoivunja kanuni hiyo kazi yake ilimuumbua.

Alizaliwa mwezi wa Agosti 1753 katika shamba la Cherryburn, karibu na mto Tyne, kiasi cha kilomita 18 magharibi ya mji wa Newcastle. Alikuwa wa kwanza katika watoto wanane. Baba yake alikuwa mkulima mpangaji, na juu ya kilimo alikodi mgodi mdogo wa makaa ya mawe huko Mickley. Kwa hiyo mtoto huyu alikua baina ya kondoo na wachimba makaa, na watu wa namna zote mbili tutawakuta baadaye katika picha zake.

Shuleni hakuwa mwanafunzi wa kupigiwa mfano. Alijaza pambizo za vitabu vyake kwa michoro, na nafasi ilipomwishia humo alihamia kwenye mawe ya makaburi na sakafu ya ukumbi wa kanisa la Ovingham, akichora kwa chokaa. Sisi tuliopitia chuoni, tukaandika alifu na be juu ya ubao kwa wino wa masizi, tunakijua vizuri kishindo cha bakora kinachomfuata mtoto anayeuchezea ubao kwa kuuchora jahazi. Bewick naye alizipata bakora zake, wala hazikumtoa katika njia yake.

Katika utoto huo yapo mambo mawili aliyoyaeleza mwenyewe uzeeni. La kwanza ni la sungura aliyekimbizwa na mbwa akaangukia mikononi mwake. Mnyama yule alilia kama mtoto mchanga, na kijana akatamani kumwokoa, lakini akamkabidhi kwa mkulima aliyekuwa karibu kwa kudhani kwamba atakuwa salama. Mkulima akamvunja mguu, akamwachia akimbie kwa kuchechemea ili mbwa wapate mchezo. La pili ni la ndege mdogo mwenye kifua chekundu aliyemtungua kwa jiwe. Alipomwinua, ndege alikuwa bado hai, akamtazama. Bewick anasema huyo ndiye ndege wa mwisho aliyemuua kwa mkono wake. Tunaomba msomaji amweke ndege huyo akilini, kwani tutarudi kwake.

Tarehe 1 Oktoba 1767, akiwa na umri wa miaka 14, alifungwa kwa mkataba wa miaka saba kuwa mwanagenzi wa Ralph Beilby, mchonga nakshi wa Newcastle. Karakana ile ilipokea kila kazi: majina juu ya vyombo vya fedha, mihuri, vibao vya milango, hata vibao vya majeneza. Bwana Beilby aliipenda kazi ya madini. Kazi ya mbao aliiona duni, akawa humsukumia mwanagenzi. Hivyo ndivyo kijana alivyopewa kuchonga michoro ya hesabu kwa ajili ya kitabu cha vipimo cha mwalimu Charles Hutton, kilichotoka mwaka 1770. Kazi aliyodharau bwana ndiyo iliyomfungulia mwanagenzi mlango.

Hapa hatuna budi kuueleza ufundi wenyewe, maana bila ya kuuelewa huwezi kujua mtu huyu alifanya nini. Mafundi wa kale walichonga picha kwa kisu juu ya ubao uliopasuliwa kwa urefu wa mti. Ubao wa namna hiyo una nyuzi zinazokwenda upande mmoja, na kisu kikizikata kwa kukingama huchanika, kwa hiyo picha hutoka nzito na yenye mistari minene. Bewick alifanya kazi juu ya kichwa cha gogo, yaani pale penye miviringo ya umri wa mti, na gogo lenyewe lilikuwa la mti mgumu mno uitwao boksi, ambao hukua taratibu wala hauwi mnene. Ndiyo maana vipande vyake vilikuwa vidogo. Mahali pa kisu alitumia kalamu ya chuma yenye ncha kali, ile ile ya kuchongea fedha na shaba. Juu ya uso huo mgumu na laini aliweza kuupitisha mstari mwembamba kama unywele, upande wowote autakao.

Jambo la pili ni la fikra. Palipochongwa hapapati wino, na karatasini hutoka peupe. Fundi wa kale alihangaika kuuondoa mti wote pembeni ya mstari mweusi ili mstari ubaki umesimama. Bewick aliligeuza shauri: alikiona kibao kuwa ni giza, na kila mguso wa kalamu yake ukaingiza nuru. Unyoya wa bundi, manyoya ya kondoo, maji yanayopita juu ya jiwe, vyote hivyo alivitoa gizani kwa mistari myeupe. Tena alizikwangua kidogo sehemu za kibao zilizokusudiwa kuonekana mbali, ili zisibanwe sana na mtambo zikatoka nyeusi, na kwa njia hiyo milima ya nyuma ikafifia kama inavyofifia kweli machoni mwa mtu. Na yote haya aliyachonga kinyume, kushoto kuwa kulia, kama mtu aandikaye kwa kutazama kioo.

Faida yake kwa wananchi wa kawaida ilikuwa kubwa kuliko sifa yake kwa mabwana. Picha ya shaba ilihitaji mtambo wake peke yake na karatasi yake peke yake, na gharama yake ilikuwa juu. Kibao cha mbao kilikuwa na kimo sawa na herufi za risasi. Kilifungwa pamoja nazo, kikapigwa chapa pamoja nazo kwa mara moja, maneno na picha katika ukurasa mmoja. Wala hakikuchakaa upesi. Kwa hesabu yake mwenyewe, kimoja kati ya vibao vyake, kilichochongwa kwa ajili ya gazeti la Newcastle, kilipiga chapa zaidi ya mara 900,000, na kilikuwa bado kinatumika. Sisi tunaoishi kwa magazeti hatuwezi kuipita hesabu hiyo bila ya kumvulia kofia.

Alipomaliza uanagenzi alikwenda Uskoti kwa miguu, mwaka 1776, na fedha zake chache zimeshonewa kiunoni mwa nguo. Mwaka huo huo akapanda jahazi la makaa kwenda London. Kazi alipata, na wenzake walimtaka abakie. Hakuupenda mji ule. Utajiri mwingi na ufukara mwingi ubavu kwa ubavu vilimchukiza, na alisema kwamba ni afadhali kwake kuchunga kondoo kwao Mickley kwa ujira wa shilingi tano kwa wiki kuliko kukaa London kwa mshahara mnono. Mwaka 1777 alirudi, akaingia ubia na bwana wake wa zamani, na hakuhama tena.

Tangu kurudi kwake mpaka walipofariki wazazi wake mwaka 1785, kila wiki alikwenda kwa miguu kutoka mjini hadi Cherryburn kuwaamkia. Shamba lilikuwa ng'ambo ya pili ya Tyne. Siku ambazo mto ulifurika na kivuko hakipitiki, alisimama ukingoni, akapaza sauti juu ya maji kuuliza hali zao, akajibiwa, akageuka kurudi mjini.

Kitabu chake kikubwa cha kwanza kilihusu wanyama wa miguu minne, na kibao cha kwanza, picha ya ngamia, alikichonga tarehe 15 Novemba 1785. Ndiyo siku aliyofariki baba yake. Kazi hiyo ilifanywa saa za usiku, baada ya kazi za wateja kwisha, na kitabu kikatoka mwaka 1790. Kilinunuliwa upesi hata toleo la pili likahitajiwa mwaka 1791 na la tatu mwaka 1792. Watu walikipenda kwa sababu farasi, ng'ombe, mbwa na kondoo waliomo walikuwa ni wale wale wanaowajua, kila mmoja na tabia yake.

Lakini insafu inatulazimisha tuseme na hili. Wanyama wa kwetu wamo humo pia, twiga na kiboko, na hao si kazi yake nzuri. Hakupata kuwaona, bali aliwatoa katika vitabu vya wengine. Ukiiweka picha ya kiboko wake mbele ya mtu wa Rufiji atacheka, na atakuwa na haki. Mkono ni ule ule, kalamu ni ile ile, mti ni ule ule. Kilichokosekana ni jicho.

Yaonekana mwenyewe alilitambua hilo, kwani alipoanza kitabu cha ndege alikuwa mkali zaidi. Mwaka 1791 alikwenda Wycliffe, kwenye nyumba ya marehemu Marmaduke Tunstall, aliyekuwa na hazina kubwa ya ndege waliokaushwa na kujazwa pamba. Akakaa karibu miezi miwili akiwachora. Kadiri alivyochora ndivyo alivyoona kwamba ndege wale si ndege. Shingo zimevutwa, mabawa yamebandikwa ovyo, miguu imesimama kama vijiti. Akaazimia kwamba kila itakapowezekana atangoja aletewe ndege aliye hai au aliyeuawa siku zile zile. Hapo habari zikaenea, na marafiki, wawindaji na mabaharia wa pwani ile wakawa wanampelekea ndege karakanani, naye akiwangoja kwa subira, mwaka baada ya mwaka. Buku la ndege wa nchi kavu lilitoka mwaka 1797, la ndege wa majini mwaka 1804. Wapo watumishi wa umma watakaousoma mkasa huu wa Wycliffe na kuzikumbuka ripoti za vijijini zilizoandikwa bila ya mwandishi wake kutia mguu kijijini. Hatumtaji mtu.

Ndege wa mabuku hayo mawili, kwa maoni yetu, hawajapata mpinzani katika ufundi wa mbao. Hakuna hata mmoja aliyesimama kwa ajili ya kutazamwa. Kila mmoja yuko katika kichaka chake, juu ya tawi lake, na jicho lake linakutazama kwa namna ya mtu aliyekuwa na shughuli na wewe umemkatiza. Yule ndege wa kifua chekundu aliyeanguka kwa jiwe alimtazama mvulana mara moja tu, na mvulana alitumia maisha yake kulirudisha jicho hilo mahali pake.

Kitabu hicho kilizusha ugomvi ambao wafanyakazi watauelewa. Maneno ya buku la kwanza yaliandikwa zaidi na Beilby, kwa kukusanya kutoka vitabu vingine, na Bewick alikuwa akiyasahihisha kwa yale anayoyajua. Ulipofika wakati wa kupiga chapa, Beilby alitaka jina lake litangulie kitabu kama mtunzi pekee. Bewick alikataa. Alikuwa amekesha juu ya vibao vile miaka, na maarifa mengi ya ndege yalikuwa yake. Marafiki wakaingia kati, mtunzi hakutajwa katika ukurasa wa kwanza, na dibaji ikaeleza sehemu ya kila mmoja. Ubia ukavunjika mwaka 1798, baada ya miaka 20. Buku la pili Bewick aliliandika mwenyewe, akisaidiwa na kasisi rafiki yake kulipitia. Ni desturi ya zamani, wala haijafa, kwamba mwenye kushika kalamu ya wino humwona mwenye kushika kalamu ya chuma kuwa ni mkono tu usio na kichwa.

Sasa tufike kwenye zile picha za chini ya ukurasa. Habari za ndege mmoja zilipomalizika na pakabaki nafasi tupu, Bewick aliijaza kwa kipicha kidogo kisichohusiana na ndege. Mnunuzi alilipia ndege. Hivi vilikuwa nyongeza. Lakini humo ndimo alimowaweka watu. Askari mstaafu, mwenye njaa, anaguguna mfupa. Kipofu anaongozwa na mbwa wake darajani katika upepo mkali. Kondoo jike, katikati ya theluji, anatafuna fagio kuukuu nje ya kibanda kilichobomoka. Watoto wamepanda mawe ya makaburi kama farasi, wanacheza vita. Mtu mmoja, ili asilipe ushuru wa daraja, anauvuka mto kwa kushika mkia wa ng'ombe wake, na upepo unaondoka na kofia yenye thamani kuliko ushuru. Mahali pengine, mbali kabisa, katika kona usiyoitazama, pana mti wa kunyongea watu.

Katika nchi iliyokuwa vitani na Ufaransa miaka zaidi ya 20, na wenye kusema wakifunguliwa mashtaka, kipicha cha askari na mfupa wake kilipita mikononi mwa mabwana wenyewe, ndani ya kitabu cha ndege, wakakiweka kwenye makabati yao. Bewick alivipinga vita vile, kama alivyovipinga vita vya kuwazuia Wamarekani uhuru wao. Kadhalika aliandika kwa uchungu juu ya ardhi ya malisho ya wote iliyokuwa jirani na kwao. Utotoni mwake makabwela walikuwa na vibanda humo, na bustani, na mizinga ya nyuki, na pengine ng'ombe mmoja. Baadaye ardhi ile ikagawiwa wenye mashamba makubwa, na watu wale wakang'olewa.

Pamoja na hayo hatutaki kumvika kanzu isiyo yake. Newcastle ile ile ilikuwa na mwalimu Thomas Spence, aliyefundisha kwamba ardhi yote iwe mali ya umma wa kila mtaa. Walikuwa marafiki, na Bewick alimsaidia kutengeneza herufi zake za kupigia chapa. Lakini juu ya shauri la ardhi walitofautiana, kwani Bewick aliona kwamba mpango ule ungefaa labda katika nchi isiyo na watu, na kwamba mali ya mtu isiguswe. Spence alimwona amemsaliti, wakapigana kwa fimbo, na Bewick, aliyekuwa hodari wa mchezo huo, akamshinda vibaya. Katika suala lenyewe sisi tuko upande wa Spence. Lakini ushahidi wa mtu asiyekuwa wa chama chako, anayesema aliyoyaona yakitendeka, una uzito wake, pengine zaidi.

Wanagenzi wake Charlton Nesbit, Luke Clennell na William Harvey walikwenda London, ule mji alioukimbia yeye, na ufundi wake ukaenea katika vitabu na magazeti mpaka picha ya kamera ilipouondoa mwishoni mwa karne hiyo. Mwaka 1827 Audubon, mchoraji wa ndege wa Marekani, alimtembelea akamkuta mzee wa miaka 73 bado yuko kazini na kofia yake ya pamba kichwani. Mwandishi Charlotte Brontë alilianza simulizi lake la mwaka 1847 kwa yatima aliyejificha nyuma ya pazia akisoma kitabu cha Bewick cha ndege. Nao wataalamu wamempa jina lake bata-maji mmoja mweupe wa nchi za baridi.

Siku zake za mwisho alikuwa akichonga kibao kikubwa kuliko kawaida yake. Ni farasi mzee, mifupa imemtoka, kichwa amekiinamisha, amesimama katika mvua kando ya mti uliokatika, baada ya kuwatumikia wengi. Kusudi lake lilikuwa kuipiga chapa picha hiyo kwa bei nafuu, ibandikwe kwenye kuta za nyumba za wakulima, ili wenye farasi waione kila siku. Rangi zake za giza na za nuru alitaka azipate kwa vibao viwili au zaidi, kimoja kikipigwa juu ya kingine katika karatasi ile ile. Mwanzoni mwa Novemba 1828 aliletewa nakala ya majaribio ya kibao cha kwanza. Akaitazama, akapanga jinsi ya kukichonga cha pili. Tarehe 8 mwezi huo akafariki dunia, akazikwa Ovingham, penye kanisa lile alilolichora sakafu. Mwanawe Robert aliitoa picha ya farasi mwaka 1832 kama ilivyoachwa, kwa kibao kimoja.